Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Kazi na Maisha ya Mtangazaji wa Habari za Sayansi, Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yametoka kwenye meseji za wasikilizaji, kwenye simu za wanafunzi wanaotafuta nafasi ya fildi, na kwa watu wanaonitambua kwa sauti nikiwa kwenye foleni ya Coaster pale Kabwe. Nimetangaza sayansi kwenye redio za mikoani kwa miaka mingi, makazi yangu yakiwa Mbeya na safari zikinipeleka Songwe, Njombe na Iringa. Nimeyapanga kuanzia yale ya mtu anayesikia habari hizi kwa mara ya kwanza hadi yale magumu. Swali likigusa jambo nililokwisha kulieleza, nitakuelekeza pa kusoma.

## Mambo ya msingi

Mtangazaji wa habari za sayansi anafanya kazi gani hasa?

Anachukua kile ambacho watafiti wamekipata maabara, shambani au porini, anauliza kimepatikanaje, kisha anakisema redioni kwa namna ambayo mama anayepalilia viazi Isyonje ataweza kukifuata bila kuacha jembe.

Ukinibana nikuambie kiini chake, ni swali moja: "Mmejuaje?" Mwandishi wa siasa anaweza kufunga habari yake akishajua nani kasema nini. Kwangu mimi hapo ndipo kazi inapoanza. Mtu akiniambia mbegu fulani inazaa sana, nataka kujua ameipanda mashamba mangapi, misimu mingapi, udongo gani, na shamba la pembeni alilolinganisha nalo lilipandwa nini.

Mbeya kuna sayansi gani ya kujaza kipindi kila wiki?

Swali hili huulizwa hata na watu waliozaliwa hapa. Ukitoka mjini kwa bajaji dakika chache uko TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo, ambako wanazalisha mbegu za maharage, viazi na mahindi ya nyanda za baridi. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo hapa Mbeya kinachotafiti VVU na kifua kikuu. Kuna chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, MUST. Kuna Ziwa Ngozi lililokaa ndani ya shimo la volkano, na joto la ardhini ambalo wataalamu wamekuwa wakilipima wakitafuta umeme. Upande wa Mbozi kuna Kimondo cha Ndolezi, bonge la chuma lenye asilimia kama 90 za chuma na nyingi ya zilizobaki zikiwa nikeli. Uzito wake ni makadirio, ndiyo maana kitabu kimoja kitakuambia tani 12 na kingine tani 16. Iringa kuna Isimila, ambako wachimbaji wa miaka ya 1957 na 1958 walifukua zana za mawe za watu wa kale. Kitulo kuna maua ambayo wenyeji waliyaita Bustani ya Mungu muda mrefu kabla eneo halijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Bonde la Rukwa na Songwe nalo ni ghala. Mwaka 2013 watafiti walitangaza visukuku vya nyani wawili wa kale wa miaka milioni 25 hivi, wakawaita Rukwapithecus na Nsungwepithecus. Mwaka 2019 dinosaria wa bonde hilohilo akapewa jina la kisayansi ambalo mtoto wa darasa la tatu wa Galula analielewa bila mkalimani: Mnyamawamtuka moyowamkia. Ni mnyama wa Mtuka, korongo alikofukuliwa, na mifupa ya mkia wake ina umbo kama la moyo. Nilipolisoma jina hilo hewani, simu hazikukatika mpaka muda wa kipindi ukaisha.

Lakini habari ninayoipenda kuliko zote ni ya kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi Mlima Rungwe walisikia kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa habari za nyani mwenye haya, anayekaa juu ya miti, aitwaye kipunji. Masimulizi ya aina hiyo huwa yanachanganyika na ya mizimu, na wangeweza kuyapuuza. Hawakuyapuuza. Walimfuatilia hadi wakamwona, na kundi lingine la watafiti likamkuta kwenye msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa, upande wa Iringa. Mwaka 2005 alitangazwa kwenye jarida la Science. Baadaye kipunji mmoja alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima shambani kwa mahindi, mwili wake ukachunguzwa, na mwaka 2006 ikaonekana anastahili jenasi (kundi la viumbe wa karibu) yake peke yake, Rungwecebus, jenasi mpya ya kwanza ya nyani Afrika tangu 1923. Dunia ikasema amegunduliwa. Wazee wa Rungwe wakaniuliza: aligunduliwa na nani, wakati sisi tulikuwa tunamfukuza mahindini? Swali lao nililirusha kama lilivyo, na mtafiti akalijibu vizuri: wazee walimjua mnyama, sayansi ilichoongeza ni kumlinganisha na nyani wengine wote wanaojulikana na kuonyesha kwamba hafanani nao.

Kutangaza sayansi redioni kulianza lini nchini?

Ni kazi ya zamani kuliko redio za FM. Mwaka 1973 Radio Tanzania ilibeba kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwenye vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza habari za malaria, kichocho, maji safi na vyoo, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Inakadiriwa watu milioni 2 walishiriki. Marehemu babu yangu alichimba choo chake cha kwanza mwaka huo, na alikuwa akisimulia kama mtu anavyosimulia vita aliyopigana.

Halafu kuna Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Hapo kulifanyika jambo la kisayansi lenyewe: kwa miaka miwili ya mwanzo eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, wakapewa vipindi vingine, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Maeneo yaliyosikia yalionyesha mabadiliko makubwa zaidi, na mwaka 1995 Dodoma nao wakarushiwa. Kila mwanafunzi wa fildi anayekuja kwangu namwanzia hapo, maana akiielewa Dodoma ameelewa maana ya kundi la kulinganisha.

## Kuingia kwenye kazi

Nilisoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), sikugusa fizikia tangu kidato cha pili. Naweza?

Mimi mwenyewe nilisoma HKL. Kinachotakiwa ni kutoona haya kuuliza, na kuwa tayari kusoma jambo moja mara tano. Mtu wa PCB (fizikia, kemia na biolojia) ana faida ya kutoogopa maneno, lakini mara nyingi anapata shida nyingine: anaongea na mtafiti wakaelewana wao wawili, msikilizaji akaachwa kituoni. Kama una aibu ya kumwambia profesa "sijaelewa, rudia," hapo ndipo utakwama, hata ungekuwa na alama A za sayansi tupu.

Hesabu, hata hivyo, huzikwepi. Jifunze asilimia, wastani na vipimo vya eneo. Kilichonipata kwa kuzembea vipimo nimekieleza kwenye swali la kukosea.

Nisome wapi, na nahitaji cheti gani?

Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 na kanuni zake zinataka mwandishi awe na stashahada ya uandishi wa habari angalau, na kuna bodi ya ithibati inayotoa kitambulisho. Kwa hiyo ushauri wa "anza tu, cheti kitakuja" haufai tena. Kwa watu wa huku, Chuo Kikuu cha Iringa kimefundisha uandishi wa habari kwa muda mrefu. Dar es Salaam ipo shule kuu ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), na Mwanza kuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT).

Vyuo vingi vinakufundisha habari kwa ujumla. Sayansi utajiongezea mwenyewe kwa kwenda kwenye semina za wazi za vyuo na vituo vya utafiti, kusoma muhtasari wa tafiti, na kumwomba mtafiti mmoja akuruhusu ukae naye siku nzima kazini bila kumhoji.

Sina uzoefu wala sijulikani. Nianzeje?

Nenda Nane Nane. Kila mwaka, Agosti 1 hadi 8, viwanja vya John Mwakangale hapa Mbeya vinajaa watafiti waliosimama kwenye mabanda wakisubiri mtu wa kuwauliza. Mtu ambaye ofisini ungeandika barua mbili kumpata, pale anakufuata yeye. Chukua simu yako, rekodi mahojiano matatu mafupi, hariri moja liwe la dakika tatu, kalipeleke redio ya karibu nawe. Meneja vipindi anayepokea barua za maombi ishirini kwa wiki atakumbuka aliyemletea sauti.

Inalipa?

Hailipi kama watu wanavyodhani wakisikia jina lako kila Jumamosi. Wengi tunalipwa kwa habari moja moja, na kuna vituo vinavyokuambia ujitolee kwanza, miezi ikapita. Mimi niliwahi kutangaza miezi minne bila mshahara kwenye kituo ambacho sitakitaja. Niliishi kwa kuwa mshereheshaji wa harusi na kwa kutafsiri vipeperushi vya wakulima.

Kwenye kazi za pembeni chunga jambo moja. Usichukue kazi ya matangazo ya kampuni unayoiripoti. Ukisoma tangazo la mbolea saa mbili na saa tatu ukahoji kama mbolea hiyo inafaa, hakuna atakayekuamini, na hatakuwa amekosea. Soma pia swali la bahasha.

## Kazi yenyewe

Kipindi cha nusu saa kinachukua muda gani kutayarisha?

Siku nne mpaka wiki. Siku moja ya kusoma na kupiga simu, siku moja au mbili za safari, siku ya kusikiliza nilichorekodi na kukata, na siku ya kuandika maneno yangu na kumrudia mtafiti kwa simu nimhakikishie takwimu. Namsomea takwimu na maelezo ya kitaalamu tu. Kipindi chote simpi akakague, maana akianza kufuta maswali ya wakulima kitakuwa kipindi chake.

Unatumia vifaa gani?

Kinasa sauti kidogo, kipaza sauti cha waya, headphone za kuziba masikio, na betri za akiba mara mbili ya ninazodhani nitahitaji. Baridi ya Makete na Kitulo hula betri. Huwa naziweka mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kwa upepo wa Kitulo, kipaza sauti kinavalishwa soksi nene ya sufu juu ya sponji yake.

Adui wangu mkubwa ni mvua ya Tukuyu juu ya bati. Usikubali kumhoji mtu ndani ya nyumba ya bati isiyo na dari kati ya Desemba na Mei. Ingieni kwenye gari, funga vioo. Kama hakuna gari, nenda chumba chenye magodoro au magunia, na kama hakuna hata hicho, ongeeni huku mmejifunika blanketi zito. Mzee mmoja wa Kiwira alicheka sana nilipomwomba hivyo, lakini sauti yake ilitoka safi kuliko ya mkurugenzi niliyemhoji wiki ileile ofisini kwake.

Mbona kipindi chenu kinasikika Uyole, nikivuka kilima kinapotea?

Masafa ya FM, yale ya kati ya 88 na 108 kwenye redio yako, husafiri karibu kama mwanga wa tochi: yanakwenda moja kwa moja, na mlima ukisimama katikati unaweka kivuli. Mnara ulio juu ya mlima Loleza unaona mji na sehemu kubwa ya Usangu, lakini safu ya Uporoto na Mlima Rungwe inaficha mabonde ya nyuma yake. Mitambo ya masafa ya kati na mafupi ya zamani haikusumbuliwa hivyo na milima, ndiyo maana babu yako alisikia Dar es Salaam akiwa Matamba, na wewe hupati redio ya Mbeya. Dawa ni kuongeza mitambo midogo ya kurushia, nayo ni pesa.

Watafiti hawapokei simu, na wakipokea wanasema niandike barua. Nifanyeje?

Andika barua. Kwenye taasisi za umma mtafiti mara nyingi haruhusiwi kuongea bila idhini ya mkuu wake, na ukimlazimisha unamponza. Barua iwe fupi: unataka nani, kuhusu nini, dakika ngapi, kipindi kinaruka lini. Mkishafahamiana, mtumie rekodi ya kipindi kilichoruka. Wengi hawajawahi kupewa, na hapo ndipo wanapoanza kukupigia wao.

Maneno ya kitaalamu unayageuzaje Kiswahili?

Kwanza natafuta kama neno lipo tayari na watu wanalitumia. Sumukuvu ni mfano mzuri: neno limejieleza, sumu inayotokana na kuvu kwenye mahindi na karanga. Kwa mikoa inayolisha nchi mahindi hilo si neno la kupamba. Nikishalitaja naongeza jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba kupika hakuiondoi. Vinasaba, kiuatilifu, chanjo, vimelea, usugu wa dawa: yote haya yameshazoeleka.

Neno likiwa halipo, naeleza kitu badala ya kulazimisha jina. Nilipotangaza habari za wanaopima joto la ardhini Ngozi, sikutafuta neno la kila kifaa. Nilisema wanasikiliza ardhi kama daktari anavyosikiliza kifua. Mfano ukikaa vizuri, msikilizaji anaubeba hadi kilabuni.

Kwa nini usitangaze kwa Kinyakyusa, Kisafwa au Kihehe? Wazee wangeelewa zaidi.

Wangeelewa, na jambo hili linaniuma kidogo. Redio zetu zinatangaza kwa Kiswahili, ndivyo masharti yalivyo. Ninachofanya ni kusalimia ninapofika, "Ugonile" kwa Rungwe, "Kamwene" nikiwa Iringa na Njombe, na kumwacha mzee ataje mdudu au mti kwa jina la kwao kabla sijaongeza la Kiswahili. Jina la kwao mara nyingi ndilo linalomwambia jirani ni mti gani hasa. Kipunji angeitwa kwa jina la kitabuni tu, nani Rungwe angejua tunazungumzia nini?

Unawezaje kutaja takwimu redioni bila kuchosha watu, au kuwatisha?

Takwimu moja kwa wakati, na kila moja nayo inaulizwa imetoka wapi. Mfano ninaourudia kila mwaka: utafiti wa kitaifa wa 2016/17 ulionyesha kwamba Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima walikuwa wakiishi na VVU. Ule wa 2022/23 ukaonyesha 12.7. Siku ileile nikasikia watu wakisema Njombe wameshindwa, ugonjwa unazidi.

Sivyo takwimu ile inavyosomwa. Kiwango hicho kinahesabu wote wanaoishi na virusi, wapya na wa zamani. Dawa zikifanya kazi, watu hawafi, na wasipokufa wanaendelea kuhesabiwa. Kwa hiyo kiwango kinaweza kupanda hata kama maambukizi mapya yanashuka. Tena utafiti wenyewe hupima sampuli ya watu, kwa hiyo tofauti ndogo kati ya miaka miwili inaweza kuwa ya sampuli tu. Anayetaka kujua kama ugonjwa unasambaa aulize maambukizi mapya. Nililieleza hili kwa mfano wa daladala: abiria wakiwa wengi ndani, inaweza kuwa wamepanda wengi, au ni kwamba hakuna anayeshuka.

## Pagumu

Ukipewa bahasha unafanyaje?

Nauli ya kufika kwenye mkutano ambao taasisi imeniita, kama kituo changu hakina uwezo, naipokea kwa kusaini na namwambia mhariri. Zaidi ya hapo narudisha. Mwaka 2017 viwavijeshi vamizi walipoingia nchini na mahindi yakaliwa hadi kwenye moyo wa mche, kila mtu alikuwa anauza dawa. Muuzaji mmoja wa pembejeo alinifuata hadi getini na bahasha, akitaka niseme dawa yake "imethibitishwa." Nilimuuliza imethibitishwa na nani, akasema wateja. Nilimrudishia, na dawa yake sikuitaja kwa uzuri wala ubaya, kwa sababu sikuwa na ushahidi wa upande wowote. Wiki hiyo sikuwa na pesa ya kodi. Nalisema hili kwa sababu vijana wanadhani kukataa ni kwa walioshiba.

Ukikosea hewani?

Unarudi hewani, saa ileile na kwa sauti ileile. Mimi nilipewa matokeo ya shamba la majaribio: tani 5 za mahindi kwa hekta. Nikapiga hesabu ya magunia ya kilo 100, nikapata 50, na hewani nikasema gunia 50 kwa eka. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu, kwa hiyo nilipaswa kusema gunia 20. Mzee mmoja wa Igurusi alipiga simu: "Mwanangu, mimi nimelima tangu uhuru, gunia hamsini kwa eka umeziona wapi? Umejuaje?" Swali langu mwenyewe likanirudia.

Nilisahihisha siku tatu mfululizo, kwa sababu aliyesikia Jumatatu si lazima awepo Jumanne. Watu wawili walikuwa wameshaanza kutafuta mkopo wa mbegu kwa hesabu yangu. Nikawapigia mmoja mmoja.

Unasemaje kuhusu dawa za asili na tiba za miujiza?

Hivi ni vitu viwili, na nakataa kuviweka kapu moja. Kwinini ilitoka kwenye gome la mti, na dawa mseto ya malaria ina kiungo kilichotokana na mmea wa artemisia. Nchi ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya 2002. Mganga aliyesajiliwa namhoji kwa heshima na kwa maswali yaleyale ninayomuuliza daktari.

Mwaka 2011, maelfu walipokwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500, sisi wa redio tulirusha shuhuda za waliosema wamepona. Wengi walisema hivyo siku mbili baada ya kunywa. Ukimhoji mtu siku mbili baada ya kunywa dawa yoyote, atakuambia anajisikia vizuri. Ilibidi tuwafuate baada ya miezi sita, wakiwa na vipimo vya hospitali mkononi, na wachache sana kati yetu tulifanya hivyo. Tangu hapo ushuhuda wa kupona siurushi bila kipimo cha kabla na cha baada.

Watu kijijini wanasema watafiti ni wanyonya damu. Niripoti au niache?

Ripoti, na mapema, kabla gari la watafiti halijafika. Oktoba 2016 watu watatu waliokuwa kwenye kazi ya utafiti wa udongo waliuawa na wanakijiji waliodhani ni wanyonya damu. Kijiji kinaitwa Iringa Mvumi, ingawa kiko Chamwino, Dodoma. Walikuwa wamekuja kuchota udongo. Nilipoisikia habari hiyo nilikaa chini, kwa sababu siku chache kabla nilikuwa nimeongozana na kundi la aina hiyohiyo Mbarali, na hatukuwa tumetangaza lolote.

Sasa nikijua watafiti watapita mahali, nawaomba waseme redioni wiki moja kabla: wanakuja na gari gani, watachukua nini, kiasi gani, kitapelekwa wapi, na matokeo yatarudi kijijini lini. Kama ni damu, waonyeshe mbele ya mwenyekiti wa kijiji ukubwa wa chupa. Na uvumi ukishaanza, usiutangaze kwa sauti ya kusisimua hata kama unaukanusha. Msikilizaji anayefungulia katikati atabaki na neno "wanyonya damu" peke yake.

Jaribio la chanjo likishindwa, unalisemaje bila kuvunja watu moyo?

Kama lilivyo. NIMR Mbeya ilikuwa moja ya vituo vya utafiti wa PrEPVacc, uliojaribu chanjo za VVU katika nchi tatu. Mwishoni mwa mwaka 2023 ikatangazwa kwamba uchanjaji umesitishwa, baada ya kamati huru ya wataalamu kuona uwezekano wa kuthibitisha kwamba chanjo inakinga ni mdogo mno. Wasikilizaji waliuliza kama vijana wetu walidanganywa. Jibu lilikuwa kwenye masharti waliyosomewa kabla ya kusaini: ni jaribio, na linaweza kushindwa. Nilieleza kamati huru ni nini na kwa nini ina mamlaka ya kusimamisha kazi hata kama watafiti wenyewe wanataka kuendelea. Kwa mtazamo wangu kipindi kile kilijenga imani zaidi ya vipindi kumi vya mafanikio.

Wataalamu wawili wakipingana, unamwamini nani?

Chukua Mto Ruaha Mkuu. Tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Kuna wanaonyooshea kidole mifugo iliyoingia bonde oevu la Ihefu, wengine mifereji ya mpunga wa Usangu, hasa maji yanayoendelea kuchepushwa mavuno yakishakwisha, na wengine misitu ya vyanzo. Sigawi dakika sawa kwa kila mmoja halafu nikajiita nimetenda haki. Nauliza nani amepima maji, wapi, mwezi gani, miaka mingapi. Mwenye vipimo anapata nafasi kubwa zaidi. Mkulima na mfugaji nao wanasikika, kwa sababu wao ndio watakaohamishwa au kufungiwa mfereji uamuzi ukitoka.

Wewe ni mama. Safari hizi unazimudu vipi?

Kwa msaada wa mama yangu mzazi, aliyelea wanangu wawili nikiwa njiani, na kwa kukataa safari za kurudi usiku. Nikichelewa Ludewa nalala Ludewa. Dada zangu mnaoanza, mwambieni mhariri mapema, na nauli ya kulala iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Nimeokota jiwe zito la ajabu (au mfupa uliogeuka jiwe) shambani. Nikuletee studio?

Usiniletee. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na rafu yangu nyumbani ina mawe kumi na moja ambayo hakuna hata moja lililotoka angani. Kwa jiwe, fanya hivi: lisogezee sumaku, ya spika iliyokufa inatosha. Vimondo vya chuma, kama cha Ndolezi, huvuta sumaku kwa nguvu na ni vizito kupita ukubwa wake. Jiwe lenye vitundu vitundu kama mkate karibu kila mara ni la volkano, na huku kwetu volkano zimetuachia mengi. Taka za chuma za wahunzi wa zamani nazo huvuta sumaku, kwa hiyo sumaku peke yake haimalizi ubishi.

Mfupa usiung'oe kabisa. Mtafiti anahitaji kujua ulikuwa tabaka gani la udongo, na ukishautoa habari hiyo imepotea hata kama mfupa ni mzima. Tena mambo ya kale yanalindwa na sheria tangu 1964, huruhusiwi kuyauza. Piga picha mfupa ukiwa palepale, weka kiberiti pembeni ili ukubwa wake uonekane, chomeka kijiti cha alama, kisha mwambie mtendaji wa kijiji awasiliane na watu wa mambo ya kale. Picha nitumie na mimi. Wakija kuchimba, nitakuja na kinasa sauti, na wewe ndiye nitakayekuhoji wa kwanza.